Jina Lisilowahi Kushonwa

Mwanamke anayesubiri mtu huona vumbi mahali ambapo jana hapakuwa na vumbi. Sindano alifagia chumba, akakifagia tena, akaisogeza cherehani kutoka dirishani hadi karibu na mlango, akaona haikupendeza, akairudisha pale pale ilipokuwa siku zote. Alitandika shuka jipya. Alijitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya ndoo ya maji, akafungua kilemba, akakifunga upya, kisha akakivua na kukitupa kitandani. Mwisho akajicheka mwenyewe. Mzazi mzima, maziwa yanamvuja kifuani, na bado anahangaika mbele ya kioo kama msichana anayekwenda kupigwa picha.

Pembeni mwa kile kilemba alilala binti yake. Alikuwa ametimiza mwezi na ushei, ana afya, ana sauti ya kuamsha nyumba nzima, na hakuwa na jina. Kliniki walimwita "mtoto wa Sindano." Majirani walimwita "mgeni." Nesi alikuwa amemwambia mama yake, tena bila hata kutabasamu, kwamba safari ijayo asije na mtoto asiye na jina kama kifaranga.

Lakini jina lilikuwa likimsubiri baba, na baba alikuwa anakuja leo.

Mtaani walimwita Sindano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Alikuwa mdarizi: shuka, foronya na mashati ya sare vilifika kwake vitupu vikaondoka na majina na maua. Ya pili ni ulimi wake, na hiyo aliyetaka kuijua alipaswa kumkopa uzi asimrudishie. Naye baba wa mtoto aliitwa Brashi, mchora vibao vya maduka, kijana mrefu mwenye vidole vyembamba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na suruali isiyo na doa la rangi.

Mwandiko ndio uliowakutanisha. Sindano alijua kushona kuliko mafundi wote wa mtaa ule, ila herufi zake zililala upande kama walevi wanaorudi nyumbani. Siku moja mteja alikataa shuka zake kwa sababu hiyo, akamsema hadharani, na Brashi, aliyekuwa juu ya ngazi akichora kibao cha duka la jirani, akateremka, akaomba chaki, akamchorea herufi kwenye kitambaa kipya. Tangu siku hiyo yeye alichora na Sindano akashona juu ya chaki yake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda, mtaa mzima ulijua kwamba wale wawili hawachori na kushona tu.

Ndiyo maana jina la mtoto liliwapa taabu kuliko watu wengine. Majina yote ya mjini yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwao. Kila jina zuri, Brashi alikuwa amelichora juu ya mlango wa kinyozi au duka la misumari, na Sindano alikuwa amelishona kwenye foronya ya bi harusi ambaye baadaye alirudi kwao akilia. "Mtoto wetu hatapewa jina la kazini," walikubaliana zamani, hata kabla hawajawa na mtoto wa kumfikiria. Walitaka jina ambalo hawajawahi kulichora wala kulishona kwa mteja yeyote. Alipozaliwa, ikaonekana kila mmoja ana lake. Brashi alitaka Yakuti, kile kito chekundu cha thamani. Sindano alitaka Mwandani, rafiki wa moyoni, yule mtu usiyemficha kitu.

Walibishana kwenye simu mpaka sikio likawaka moto.

"Jina halibishaniwi kwenye simu," Brashi alisema mwisho. "Nitakuja tubishane uso kwa uso."

Maneno hayo Sindano aliyashika kama ahadi ya ndoa, kwa sababu ahadi nyingine hakuwa nayo.

Mama yake Brashi hakumtaka tangu mwanzo. Alisema Sindano ni mkubwa kwa mwanawe, na ilikuwa kweli. Alisema aliwahi kuolewa akaachika kwa sababu hazai, na hilo nalo lilikuwa kweli, au ndivyo alivyosema huyo aliyemwacha. Brashi alipopata kazi kwenye kampuni ya mabango katika mji mwingine, mama ndiye aliyemfungia sanduku. "Nenda ukajipange, mwanangu, kisha uje umchukue," alisema mbele ya watu, na kila mtu aliona jinsi mdomo ulivyomkunjamana kwenye hilo neno la mwisho. Wakati huo Sindano hakujua bado kwamba ana mimba. Habari zilipofika, mama mtu alicheka. Aliuliza ni mti gani huo mkavu, unaosubiri mwenye shamba asafiri ndipo uzae.

Simu za kila usiku zikawa za kila Jumapili. Kisha Jumapili nazo zikaanza kurukwa. Tumbo lilikua, uchungu ukaja, na mkono alioung'ang'ania Sindano katika chumba cha kujifungulia ulikuwa wa mwenye nyumba wake.

Asubuhi ya leo, wakianika nguo uani, Sindano alimwambia mama yule siri yake.

"Akija akabishana nami, atakaa. Mtu hagombanii jina ambalo hatakuwepo kuliita."

"Mwanangu, mwanamume hapimwi kwa ubishi," alijibu mwenye nyumba, mjane mwenye mwili wake na kicheko cha polepole. "Ingekuwa hivyo, marehemu wangu angekuwa malaika."

"Wewe humjui Brashi."

"Simjui kweli. Miezi yote hii ninachokijua ni mgongo wako, umeinama kwenye hiyo cherehani."

Brashi alifika jua lilipoanza kupoa. Sindano alizisikia hatua zake tangu uani, akasikia "Shikamoo, mama," na "Marahaba, kumbe bado upo duniani." Aliikimbilia cherehani, akakaa, akaanza kukanyaga pedali kama mtu mwenye kazi za watu mpaka shingoni.

"Hodi."

"Karibu." Hakuinua kichwa.

Brashi alisimama mlangoni. "Cherehani haina uzi," alisema.

"Naijaribu."

"Unaijaribu bila uzi."

"Ilikuwa inakwama. Wewe ni fundi cherehani siku hizi?"

Hapo akainua macho, na ndipo alipojikosea, maana alikuwa amejiapiza kutomtazama mpaka aombwe radhi. Brashi alikuwa amekonda. Shati lilikuwa jipya, limepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayeutazama ukuta na kuona tayari kitakachoandikwa juu yake. Sindano alihisi miezi yote ikimrudia, chai aliyoipika ya watu wawili akainywa peke yake mpaka ikapoa, upande wa kitanda ambao hakuwahi kuulalia kwa kuogopa kuuzoea.

"Umenenepa," Brashi alisema, kwa sababu wanaume wakikosa la kusema husema lisilosemwa.

"Nimezaa. Habari zinafika huko kwenu?"

Brashi aliinamisha uso. "Nilistahili hilo."

"Yapo na mengine, ila kaa kwanza."

Alipopita kwenda kukaa kwenye kiti, Sindano alishtuka. Hakunuka rangi. Alinuka sabuni. Akamtazama mikono, na kucha zilikuwa nyeupe.

"Vidole vyako vimekuwa safi."

"Siku hizi hatuchori," alisema Brashi akivitazama kama vya mtu mwingine. "Mashine ndiyo inayochapa. Mimi nabonyeza tu."

"Na herufi?"

"Zimo humo humo ndani. Zote zimenyooka. Hazinihitaji."

Alijaribu kucheka na kicheko hakikufika mbali. Kisha mtoto akajinyoosha kitandani, akakoroma kama paka, na Brashi akageuka. Alimwendea polepole, akapiga goti kando ya kitanda, akamtazama kwa muda mrefu pasipo kumgusa. Sindano alimwinua mtoto mwenyewe, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Shika kichwa. Si mkebe wa rangi huo."

Brashi alikishika kichwa. Kidole chake kilipita juu ya sikio la mtoto, na pale juu sikio lilikuwa limejikunja kidogo, kama ncha ya ukurasa iliyokunjwa na msomaji. Masikio yake mwenyewe yalikuwa hivyo hivyo, na utotoni yalimletea ngumi nyingi.

"Haya masikio ni yangu," alisema.

"Nilitaka kuyarudisha, hawakuyapokea."

"Sindano."

"Nini?"

"Ni mzuri."

"Najua. Nipo naye kila siku." Alilisema hilo taratibu, na lilichoma kuliko kama angelisema kwa hasira. "Mama yako angeyaona masikio hayo."

"Nilimpelekea picha."

"Akasemaje?"

"Alisema watoto wote wana masikio."

Sindano alicheka, kwa sababu lingine la kufanya lilikuwa kulia, na kulia alikuwa amekuweka akiba. Akafungua kabati, akatoa shali nyeupe ya mtoto, akaitandaza kitandani. Pembeni mwote ilikuwa imezungushwa maua madogo aliyoyashona kwa mkono katika zile wiki za mwisho ambazo mgongo haukumruhusu kukaa kwenye cherehani. Katikati palikuwa peupe.

"Nimekuachia pa herufi," alisema. "Haya. Umekuja kubishana, bishana."

"Yakuti," alisema Brashi.

"Mwandani."

"Mwandani ni jina la mtu mzima. Watoto wenzake watamwitaje? Mwandani, njoo turuke kamba? Jina zito kuliko yeye mwenyewe."

"Na Yakuti je? Kitu cha kufungiwa kabatini. Watu watauliza kama anauzwa."

"Waulize. Kito hakiulizwi kinafanya kazi gani. Kinapendwa kwa kuwa kipo, basi."

"Maneno ya mchora vibao hayo."

"Na lako ni la nani?" Brashi alisimama, mtoto kamwegemeza begani. "Mimi najua umelitoa wapi. Umelitoa humu ndani, peke yako, taa imezimwa. Sindano, unampa mtoto kazi kabla hajaota jino. Akiitwa Mwandani ni mwandani wa nani? Wako. Siku akitaka kwenda zake, kusoma, kuolewa, kuhama, atakwendaje na jina hilo? Atajiona mwizi."

Maneno yalimpata pale pale. Uso ulimwaka.

"Na nani aliyeniacha humu ndani, taa imezimwa, mpaka nikatafuta mwandani tumboni mwangu?"

"Mimi."

"Basi usinifundishe."

"Nakufundisha kwa sababu ni mimi. Nilikosa, nimekubali. Lakini jina hilo silitaki. Silitaki kabisa. Nitabishana nawe mpaka kesho."

Sindano aligeukia dirishani haraka, akajifanya anavuta pazia. Alikuwa anatabasamu na hakutaka aonekane.

Ili uielewe furaha yake, msomaji, yakupasa umjue Brashi kazini. Alikuwa na kanuni yake moja, na mtaa mzima uliijua. Duka likiwa kwenye njia anayopita kila siku, alibishana na mwenye duka mpaka mapovu yamtoke: jina hili refu mno, herufi hizi zimebanana, rangi hii inalia. "Kibao kibaya kitaniudhi kila asubuhi maishani mwangu," alisema. Lakini akiitwa mtaa wa mbali, ambako hatarudi, alikuwa mpole kama kondoo. Aliuliza swali moja tu, "Herufi za mviringo au za kusimama?", akachora alichoambiwa, akashuka ngazi, akaenda zake.

Na sasa alikuwa amesimama katikati ya chumba hiki, mishipa imemtoka shingoni, anabishana. Mpaka kesho, alisema. Sindano alianza kupanga. Ngazi ingekaa ukumbini kama zamani. Cherehani ingesogea kidogo, kitanda cha mtoto kiingie pembeni. Mama mkwe angenuna mwaka mzima, kisha angeyaona yale masikio kwa macho yake. Mkamia maji hayanywi, walisema wahenga, lakini ni nani anayewakumbuka wahenga moyo ukiwa unaruka namna ile? Akarudi kwenye ubishi kwa furaha tele, akauchochea kama mtu anayeongeza kuni.

"Yakuti halishoneki," alisema. "Hiyo K itanitoa roho."

"Nitakuchorea K ya kushoneka."

"Utanichorea lini? Uzi umekwisha, taa inafifia, na wewe unataka K."

"Tutanunua uzi kesho."

Kesho tena. Alikuwa amefungua mdomo amjibu, hata hajui atamjibu nini, simu ya Brashi ilipolia mfukoni. Alitazama kioo chake. Mabega yakamshuka. Akamrudishia mtoto, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akatoka kwenda ukumbini.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Sindano alisimama na mtoto kifuani, akasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande huo ulitosha.

"Ndiyo, mama. Nimefika. Nimemwona. Hapana, mama, sijala. Najua wamekuja. Najua. Sikusema hivyo, mama. Usilie basi. Leo. Nimesema leo leo."

Brashi alirudi, akasimama kizingitini, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Mama anakusalimu."

"Hanisalimu."

"Hakusalimu," alikubali.

Akaingia, akakaa kitandani mbele ya ile shali. Akaichukua chaki ya buluu kwenye kopo la vifungo bila kutafuta, maana mkono ulikuwa bado unakumbuka mahali pake. Akainyoosha shali kwa kiganja.

"Mwandani ni jina zuri," alisema. "Tuandike Mwandani."

"Umesema utabishana mpaka kesho."

"Wewe ndiye mama. Wewe ndiye utakayemwita kila siku." Hakumtazama. "Herufi za mviringo au za kusimama?"

Sindano aliketi. Alimwangalia akichora. Mashine haikuwa imemharibu mkono. M ilisimama imara, na zilizofuata zikasimama nyuma yake, kila moja na nafasi yake ya kupumulia. Hakuwahi kumwona akichora vizuri namna ile. Alingoja mpaka akamaliza herufi ya mwisho na kupuliza vumbi la chaki.

"Unaondoka lini?"

"Leo."

"Unarudi lini?"

Brashi alikuwa anaigeuza geuza chaki vidoleni. "Kuna binti wa rafiki yake mama. Wapo huko huko ninakofanya kazi. Mama amekwisha zungumza na watu wake habari ya posa, na leo wako kwetu wananingoja."

"Na wewe umezungumza nao?"

"Nilikuwepo."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuuliza kama umezungumza."

"Sikukataa," alisema Brashi, kwa sauti ndogo mno. "Alilia, Sindano. Mbele ya watu. Sikuweza kukataa." Akainua uso, na ulikuwa umelowa. "Lakini mimi nakupenda. Nataka ujue hivyo."

"Najua."

Alilijua, ndiyo shida yenyewe. Laiti angekuwa hapendwi, angemchoma maneno mpaka aikimbilie njia, kisha angelala usingizi wake. Lakini huyu alimpenda, alimpenda kweli, na mapenzi yake yote yalikuwa yameishia kumchorea jina asilolitaka yeye mwenyewe, bila ubishi.

"Nitakuwa namletea mahitaji yake," alisema Brashi. "Kila mwezi, wallahi."

"Njoo mwenyewe. Siku atakapojua kuuliza, maswali yake sitayajibu mimi."

"Nitakuja."

"Nenda, Brashi. Mama yako ataanza kulia tena."

Brashi alimshika mkono. Sindano aliuacha ushikwe, akavihisi vile vidole visafi visivyo na ukavu wa rangi, kisha akautoa taratibu, bila chuki. Brashi aliinama, akambusu mtoto kwenye sikio lililojikunja. Uani alisikika akisema, "Kwa heri, mama," na safari hii mwenye nyumba hakumtania.

Sindano alibaki ameketi pale pale. Hakulia. Mtu akisubiri jambo kwa muda mrefu, likija hujikuta kwanza amechoka tu. Baadaye pazia la mlango lilifunguliwa na mwenye nyumba akachungulia, akifuta mikono kwenye khanga.

"Mbona kimya, mwanangu? Mmemaliza kubishana?"

"Tumemaliza."

"Nani kashinda?"

"Mimi," alisema Sindano, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, yasiyo na sauti, mpaka mama yule akaingia, akamchukua mtoto kwa mkono mmoja na kumkumbatia yeye kwa mkono wa pili.

Hawakuzungumza sana. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa siku nyingi, na alijua kuna vilio ambavyo ukivitilia maneno unaviharibu. Alipoona kilio kimepungua, alimlaza mtoto mahali pake, akasema anakwenda kubandika chai. "Nakuja kuinywa humu humu," alisema. "Leo hunywi peke yako."

Sindano akanawa uso. Akaivuta shali magotini, akatazama lile jina. Lilikuwa jina lake, alilolitaka, limechorwa na mkono aliouchagua. Kilichobaki ni kushona. Akatafuta uzi.

Mtoto alikuwa ameamka. Hakulia. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa dirisha, ambako upepo ulikuwa ukilichezesha pazia, na alikuwa analitazama kwa makini, kama mtu anayesimuliwa jambo.

"Mwandani," Sindano aliita.

Akaisikia sauti yake mwenyewe na ikamtisha. Haikuwa sauti ya kumwita mtoto. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani anaita walio juu. Akakohoa, akajaribu tena, kwa utani kidogo, kwa kuimba kidogo. "Mwandani, mama." Ikawa ile ile. Kila alivyoligeuza, jina lilikuwa linaomba kitu, na aliyekuwa anaombwa hajui hata kushika kijiko.

Mwoga naye husema kweli. Brashi alikuwa amesema kweli kabla ya simu kulia, akiwa bado ni yule Brashi wake, na kweli haigeuki uongo kwa sababu aliyeisema ameondoka. Sindano alimchukia kwa hilo kwa muda. Kisha akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akaanza kuifuta chaki. Alianza na herufi ya mwisho akirudi nyuma. Mkono ulikuwa mzito, maana hizo ndizo herufi za mwisho alizochorewa, na hapakuwa na wa kumchorea nyingine. Alipofika kwenye M alisita. Akaifuta nayo.

Alingoja shali ikauke, akaichukua chaki, akaandika mwenyewe. Herufi zililala upande zote, na K ilitoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha. Uliobaki ni wa buluu, wa sare za shule. Yakuti ya buluu basi, na asiyetaka asitazame.

"Upweke ni wangu, mwanangu," alimwambia, akitunga uzi. "Nitaubeba mwenyewe. Sikukuzaa uje unisaidie kuubeba."

Huko nje vikombe viligongana na mwenye nyumba akamwita mtu amletee sukari. Sindano aliinama juu ya kitanda.

"Yakuti," aliita.

Sauti ilitoka nyepesi, haikuomba kitu. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kulitazama pazia lake, na mama yake akamwacha atazame.